Jinsi ya Kumkamata Chuma Ulete Nyumbani Kwako

Asubuhi ulitoka na msimbazi mzima. Jioni umerudi na sarafu ya mia tano na pipi mbili ulizopewa dukani badala ya chenji, na ukitazama mikononi huoni ulichonunua. Hapo ndipo watu wengi wa mitaa yetu ya Dar es Salaam hukaa kitandani, wakakung'uta pochi, wakatazama dari na kutoa hukumu: "Humu ndani mna chuma ulete."

Sifa zake zinajulikana. Inasemwa kwamba haonekani, kwamba hupita kwenye kufuli, na kwamba noti aliyoishika mwenye nayo huingia kwenye droo ya duka, ikakaa kidogo, kisha ikarudi kwa bwana wake pamoja na wenzake. Wenye maduka hutia hiki na kile kwenye droo ili kumzuia. Wengine hukataa kupokea pesa kwa mkono wa kushoto asubuhi. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine ya kumtega, kumkamata na kumtaja kwa majina yake yote, maana anayo mengi. Hauhitaji kuku mweusi wala kitambaa chekundu. Unahitaji daftari moja, kalamu moja na ubishi wa mwezi mmoja.

Kabla hujaanza kuwinda, kuna sharti: usimtuhumu mtu. Watuhumiwa huwa wale wale kila nyumba. Yupo jirani mwenye jicho kali, yupo shemeji aliyekuja kwa wiki mbili na sasa ana mswaki wake bafuni, na juu ya wote yupo dada wa kazi. Huyu binti ameonewa mno katika nchi hii. Anapekuliwa begi mbele ya watoto aliowalea, anapandishwa basi kurudi kwao, kwa sababu ya shilingi elfu tano ambayo baba mwenye nyumba alimpa bodaboda Jumamosi usiku akasahau. Nasema wazi: nyumba isiyoandika matumizi haina haki ya kusema imeibiwa, kwa sababu haijui ilikuwa na kiasi gani. Andika kwanza mwezi mzima, ndipo uzungumze habari za wizi.

Sasa vifaa. Nunua kaunta buku ya kwaya mbili, yenye jalada gumu. Itoboe pembeni, ipitishe kamba, na mwisho wa kamba funga kalamu. Kamba ni lazima. Katika nyumba yenye watoto wa shule kalamu isiyofungwa haimalizi siku mbili. Kisha pigilia msumari jikoni, au pale pesa inapotolewa na chenji kurudishwa, na daftari lining'inie hapo mchana kutwa. Usilifungie kabatini chumbani kama cheti cha ndoa.

Utaniuliza kwa nini si simu, na programu za hesabu zimejaa tele. Simu ni ya mtu mmoja na ina nenosiri, na pesa ya nyumba hupita mikononi mwa watu wanne au watano. Mama ananunua dagaa, dada anatumwa nyanya, mtoto anakimbizwa sukari, baba anajaza bando. Kila aliyeshika pesa aandike alichotoa, hata kama mwandiko wake ni wa darasa la pili. Tarehe, kitu, kiasi, na nani alilipa. Basi, hayo yanatosha.

Usiku, kabla ya kulala, hesabu pesa iliyobaki ndani na ulinganishe. Ukurasa mmoja wa Jumanne utakuwa hivi: mkaa kopo, 2,000, mama, nyanya fungu, 1,000, dada, vitunguu, 500, dada, mafuta ya kupima, 1,000, dada, dagaa, 2,000, mama, sukari robo, 900, mtoto, boda, 1,500, baba, bando, 1,000, baba. Jumla 9,900. Lakini asubuhi nyumba ilikuwa na 15,000, na usiku zimehesabiwa 3,500. Zimetoka 11,500. Kuna shilingi 1,600 ambazo hazina mwenyewe.

Wengi hukosea hapa, maana huona aibu wakabuni kitu cha kujazia. Usibuni. Chini ya ukurasa andika mstari mmoja, kwa herufi kubwa: SIJUI, 1,600. Huyo ndiye chuma ulete. Umemwona kwa macho yako, kwa wino wa bluu, na ana tarehe. Akiendelea na mwendo huo kwa siku 30 atakuwa amebeba 48,000.

Kazi ya wiki zinazofuata ni kumpunguza Sijui. Kila jioni watu wakikumbushana, "Si ulinunua karanga pale kituoni?" au "Si tulimpa mtoto hela ya mtihani?", mstari ule unakatwa, jina halisi linaandikwa, naye anapungua. Hakuna atakayefika sifuri, na usiwasumbue watu kwa ajili ya shilingi mia. Ila siku Sijui atakapobaki mdogo, utagundua kwamba pesa bado haitoshi, na kwamba sasa unaijua njia inayopita. Hapo uwindaji wenyewe ndipo unapoanza.

Jina la kwanza la chuma ulete ni Kipimo. Duka la Mangi pale kona linakuuzia kila kitu kwa kadiri ya mfuko wako: sukari robo, mafuta ya elfu, mche wa sabuni uliokatwa vipande. Ni huduma nzuri na Mangi ni mtu mwema, lakini kila anapokata kipande anajilipa kwa kisu chake. Tuseme robo ya sukari ni 900 na kilo nzima ni 3,200. Nyumba inayomaliza robo kwa siku hutoa 27,000 kwa mwezi, ilhali sukari hiyo hiyo, kilo saba na nusu, kwa bei ya kilo ingekuwa 24,000. Tofauti ni 3,000. Rudia hesabu hiyo kwenye mafuta, unga, mchele, sabuni na mkaa, utaona kwa nini wahenga walisema bandu bandu huisha gogo.

Wapo waandishi wa mambo ya fedha wanaowacheka watu wanaonunua kwa kupima. Mimi siwacheki. Mtu anayelipwa kibarua kwa siku hawezi kununua sukari ya mwezi, kwa kuwa pesa ya mwezi hajawahi kuishika. Kumwambia anunue kwa jumla ni kumwambia mwenye njaa ashibe. Njia ipo, lakini ni ya polepole na ya kitu kimoja kimoja. Chagua kitu kimoja tu, tuseme sukari hiyo hiyo. Ngoja siku zamu yako ya mchezo wa kuchangiana pesa itakapofika, au siku baba atakapopata kazi ya ziada, na kabla pesa haijalala nyumbani nunua sukari ya mwezi mzima. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: endelea kulipa. Kila siku inapochotwa robo, tia 900 kwenye kopo, kana kwamba umeenda dukani. Uwe Mangi wa nyumba yako mwenyewe. Baada ya siku 30 kopo lina 27,000, unanunua tena sukari ya 24,000, na faida ya 3,000 inabaki ndani badala ya kuhamia kona. Miezi michache hivi, kopo lenyewe litaanza kukununulia mafuta. Usipolipa kopo, sukari itakwisha, na tarehe moja utarudi kwa Mangi na robo yako ukiwa mnyonge zaidi.

Kuhusu mkaa na gesi watu hubishana mpaka wanagombana. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, lakini jiko lako liamuliwe na daftari. Andika kwenye ukuta tarehe uliyojaza mtungi na tarehe ulipoisha, gawa bei kwa siku, na weka jibu kando ya kopo la mkaa la kila siku. Kopo la 2,000 ni 60,000 kwa mwezi. Nyumba nyingi zinazosema gesi ni ghali hazijawahi kuiandika hesabu hiyo.

Jina la pili ni Luku, na hapa nitakaa kidogo. Ujumbe ukiingia, watu husoma tarakimu 20 za tokeni, wakaziingiza kwenye mita, wakaufuta. Usiufute. Chini ya zile tarakimu ndiko kuna habari. Kwa mteja wa kawaida wa kundi la T1, uniti moja ni shilingi 292, bei iliyopangwa 2016. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA, wakala wa nishati vijijini, asilimia 3 na ya EWURA, mdhibiti wa nishati, asilimia 1, hivyo unailipia karibu 356. Ndiyo maana umeme wa 10,000 unaleta uniti 28. Tena tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa humo humo: nyumba ya kawaida ilianza na 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Ukinunua 10,000 mwezi ukianza, 1,500 inaondoka kwanza, na uniti zinakuja karibu 24. Mtu aliyeona 28 mwezi uliopita na 24 leo anapiga kelele kwamba mita yake imerogwa.

Wewe mpangaji, sikiliza vizuri. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Kila ikikatwa kwenye mita yako, iandike kwenye daftari. Miezi 12 ni 18,000. Siku ya kulipa pango nenda na ukurasa huo, salimia kwa adabu, "Shikamoo mzee, kuna hili dogo la kodi ya jengo," na uombe ipunguzwe kwenye pango. Mwenye nyumba muungwana atakubali. Asiyekubali, angalau atajua kwamba chumba cha tatu kinaandika.

Aliye kwenye kundi la D1, la matumizi madogo, ana sababu kubwa zaidi ya kuhesabu. Yeye hulipa shilingi 100 kwa uniti mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Ya 76 inaruka hadi 350. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inakula uniti moja. Jagi la umeme la wati 2,000 linaila hiyo hiyo kwa nusu saa. Basi nguo za shule za wiki nzima zipigwe pasi Jumapili mara moja, pasi ikiwa imeshapata moto, kuliko kuiwasha kila asubuhi kwa ajili ya kola ya shati moja.

Bando, boda na mkeka ni ndugu watatu, na sitawachosha nao. Bando la 1,000 kila siku ni 30,000 kwa mwezi. Linganisha na la mwezi kisha uamue mwenyewe. Boda ya kutoka kituoni iandikwe hata ile ya mvua. Na mkeka, kaka yangu, upewe ukurasa wake peke yake. Upande mmoja andika ulichoweka, upande wa pili ulichoshinda, ikiwemo ile siku timu tisa zilishinda na ya kumi ikasawazishiwa dakika ya 90. Mwisho wa mwezi toa kimoja kwenye kingine mbele ya mkeo. Sina neno zaidi, kwa sababu ukurasa huo utasema wenyewe.

Halafu kuna pesa ya kutuma. Sisi Watanzania tukitumiana pesa tunatuma "na ya kutolea", na ni ustaarabu mzuri, lakini ada ya kutuma na ya kutolea ziandikwe kwenye mstari wake, mbali na pesa ya mama kijijini. Julai 2021 serikali ilipoweka tozo ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa kila muamala wa simu, watu walianza kusoma ujumbe hadi mstari wa mwisho, na kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Septemba mwaka huo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30. Tabia ile ya kusoma mstari wa mwisho tusiiache. Ukituma mara nne kwa wiki vijisenti vidogo vidogo, kusanya utume mara moja.

Sasa tuje kwenye jina ambalo nyumba nyingi huogopa kulitamka: michango. Kadi imeletwa na mtoto wa jirani, ina utepe, single 50,000, double 100,000. Kabla hujaiweka mezani umeshaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati, na mweka hazina anatoa orodha kila jioni, majina ya waliolipa juu na ya walioahidi chini. Wanandoa hawa unawapenda, pengine binti umembeba mgongoni. Lakini kati ya Juni na Desemba kadi zitakuja sita, na send-off zake, na kitchen party zake. Mtu wa mshahara wa kawaida hawezi kuzilipa zote kwa bei ya kadi bila kuwanyang'anya wanawe chakula.

Fanya hivi. Januari, ninyi wawili kaeni mkate kiasi cha harusi cha mwaka mzima, mkigawe kwa idadi mnayoitegemea, na hicho ndicho kiwango cha nyumba yenu, kwa tajiri na kwa masikini. Kadi ikija, jibu mapema, kabla kamati haijapanga bajeti juu ya jina lako: "Hongereni sana wapendwa. Sisi uwezo wetu mwaka huu ni 20,000, tunaituma leo, na siku yenyewe mama watoto atakuja kusaidia kupika." Hakuna kamati inayokataa pesa taslimu na mikono miwili. Kinachoumiza kamati ni ahadi ya laki isiyolipwa. Na kinachoumiza nyumba ni kuilipa kwa mkopo, kwa maana kukopa harusi kulipa matanga. Msiba uwe na fungu lake lisiloguswa, kwani wenyewe hauleti kadi.

Kuna mambo ya mwaka ambayo watu huyaita dharura, na tarehe zake zinajulikana. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita: kama chumba na sebule ni 100,000, hiyo 600,000 haikuanguka kutoka mbinguni, ilikuwa 100,000 ya kila mwezi. Shule za serikali, kuanzia msingi hadi kidato cha nne, hazitozi ada tangu 2016, lakini sare, viatu, madaftari na begi vinakuja Januari kila mwaka. Vigawe kwa 12, viandike kama matumizi ya mwezi, na pesa yake iende mbali na mkono: kibubu cha mbao kisicho na mlango, kikoba, au akaunti isiyo na kadi. Mahali si hoja sana, mradi pawe na jina la kitu na tarehe yake.

Usipofanya hivyo, Januari utakutana na kausha damu. Huyu chuma ulete wa mwisho hajifichi. Anabandika matangazo kwenye nguzo na anakutumia ujumbe mfupi. Chukua 200,000, rejesha 260,000 kwa siku 30, na rejesho linaanza kesho asubuhi, karibu 8,700 kila siku, ambalo linazidi chakula cha siku cha nyumba nyingi. Mwezi wa pili unakopa kwa mwingine ili umlipe wa kwanza. Mwezi wa tatu wanabeba televisheni, na mama anakimbilia kwa dada yake kujificha. Wale wa kwenye simu wana ukatili wao: wanachota namba za watu wako wote na kuwatangazia bosi, mkwe na mchungaji kwamba unadaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kabla ya kubonyeza "kubali", uliza leseni, andika kwenye daftari jumla utakayorejesha, si kiasi utakachopokea, na mwonyeshe mwenzio. Mkopo unaoogopa kumwonyesha mwenzio usichukue.

Na hilo linanifikisha kwenye hatua ambayo bila yake mengine yote ni kujisumbua. Jumapili jioni, watoto wakiwa nje, teremsheni daftari msumarini mlisome pamoja. Siyo kesi. Asiwepo wa kuuliza "Hii soda ilikuwa ya nani?" kwa sauti ya polisi. Mnasoma, mnajumlisha, mnachagua jambo moja la kubadilisha wiki ijayo, mnalirudisha. Nusu saa inatosha.

Lakini wanaume wengi wa kwetu, na wanawake wenye biashara zao pia, wanataka nyumba iandike dagaa na vitunguu huku mshahara wenyewe ni siri. Baba anaacha 10,000 mezani kila asubuhi, na mama hajui kama hiyo ni nusu ya kipato au kombo lake. Atapangaje? Atakubalije kwamba hamna, kama hajawahi kuona iliyokuwepo? Nimesikia hoja zote: kwamba akijua ataomba zaidi, kwamba ndugu zake watajua, kwamba baba yangu hakumwambia mama. Sikubaliani na hata moja. Mnalea watoto pamoja, mnauguliana, na siku moja mmoja wenu atabaki peke yake na madeni ya mwenzake asiyoyajua.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari, kabla ya mkaa na nyanya, uandikwe kinachoingia: mshahara wote, biashara yote, kibarua chochote, cha kila mmoja, kwa tarakimu kamili, na chini yake madeni yote. Wewe unayesoma haya ukiwa na salari slipu iliyofichwa kwenye soksi, itoe leo jioni na umwonyeshe.